UZI: Nini hasa kiliwaondoa wasikilizaji kwenye masafa mafupi na ya kati Afrika Mashariki?

#1 MtegaMawimbi
Salaam wakuu.

Kila ukitajwa mwisho wa SW (masafa mafupi) na MW (masafa ya kati) huku kwetu, jibu huwa moja: FM ilikuja na sauti safi, watu wakahama. Napinga. Sauti safi haimsaidii mtu ambaye haimfikii. Mtambo wa 5050 kHz wa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), bendi ya mita 60, usiku ulivuka mikoa na mipaka. FM yenye mlingoti wa mita 100 kwenye ardhi tambarare, antena ya msikilizaji ikiwa mita 4 juu, inaishia kama kilomita 50. Hesabu yake: chukua kipeuo cha pili cha kila kimo kwa mita, jumlisha, zidisha kwa 4.12. Yaani 10 + 2 = 12, mara 4.12, unapata 49. Mbele ya hapo mviringo wa dunia unaficha mlingoti.

Radio One na Radio Tumaini zilianza Dar es Salaam 1994, Capital FM Nairobi 1996. Mlingoti wa Dar haufiki Kibondo, kule Kigoma. Kwa hiyo kama watu wa mbali walipunguza kusikiliza, sababu itafutwe kwingine. Mimi nasema betri ndiyo iliyowakata, FM ikaja kuwakuta wameshapungua. Leteni hoja, ila zije na vipimo.

#2 Kapasita
Mkuu MtegaMawimbi, kwenye betri niko nawe nusu. Tuweke namba.

Redio ya transista ya zamani ya betri nne kubwa (R20), volti 6, ikiwa sauti ya wastani inakula kama mA 25 hadi 30. Betri ya zinki na kaboni ya ukubwa huo, kwa mkondo mdogo namna hiyo, inatoa takriban mAh 5000 hadi 6000. Gawanya: saa 200 bila taabu. Mtu anayesikiliza saa tatu kwa siku anamaliza miezi miwili. Hiyo haimkati mtu.

Tatizo ni redio zilizokuja baadaye: ndogo, za betri mbili ndogo (R6), zenye chipu inayokula mA 50 na zaidi. R6 ya zinki na kaboni ni kama mAh 800 hadi 1000. Hapo ni saa 16 hadi 20 tu. Msikilizaji huyohuyo, saa zilezile tatu, ananunua betri kila wiki. Kama betri iliwakata watu, iliwakata kupitia redio ndogo, si kupitia ile mikubwa ya mpini.

#3 BintiMlingoti
Shikamooni wakubwa. Kabla hatujafika mwisho tukumbuke mwanzo, maana mnazungumza kana kwamba wasikilizaji walikuwa kundi moja tangu siku ya kwanza.

Nairobi ilianza kutangaza 1928 kupitia British East African Broadcasting Company. Wasikilizaji wake walikuwa walowezi, na mengi yaliyosikika yalipokelewa kutoka London na kurushwa upya. Mwafrika aliletwa kwenye hesabu wakati wa Vita Kuu ya Pili, familia za askari zilipotakiwa kupata habari. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zote ni za 1951. Radio Cairo ikaanza Kiswahili 1954, BBC tarehe 27 Juni 1957, Radio Peking 1961, VOA 1962, Deutsche Welle Februari 1963. Tazameni miaka hiyo: ndani ya muongo mmoja msikilizaji wa Kiswahili aligombaniwa na miji mikuu mitano ya ng'ambo. SW ya Kiswahili ilijengwa na ugomvi huo. Ulipoisha, fedha nazo zikaanza kuisha.

Kwa hiyo sababu yangu ni siasa.

#4 Msalamu
Nimekaa mbele kabisa 🙏🏾 Uzi kama huu haupatikani kila siku.

#5 Kilowati
Wote mnamtazama msikilizaji. Mtazameni mwenye mtambo, na bili yake ya umeme.

Mtambo wa MW wa kW 50 wa aina ya zamani, wa valvu (taa za kioo zilizofanya kazi ya transista), una ufanisi wa kama asilimia 55 hadi 60. Ili utoe kW 50 angani unavuta karibu kW 90 kutoka kwenye laini, na hapo mtangazaji hajasema neno. Akianza kusema unapanda. Saa 18 kwa siku: 90 × 18 = uniti 1,620 kila siku, bila kuhesabu feni za kupozea valvu.

Mtambo wa FM wa kW 2 unavuta kama kW 3. Saa 18: uniti 54. Kwa bili ya mtambo mmoja wa MW unaendesha mitambo 30 ya FM. Mhasibu yeyote akiwekewa hesabu hiyo mezani, MW imekwisha. Msikilizaji hakuulizwa.

#6 MtegaMawimbi
Mkuu Kilowati, endeleza hesabu yako mpaka mwisho. Mitambo 30, kila mmoja nusu kipenyo kilomita 50, ni kilomita za mraba 7,850 kila mmoja. Jumla kama 235,000. Tanzania ni zaidi ya 940,000. Umelipa bili ileile ukabaki na robo ya nchi, na hapo nimekubali kwamba miduara haipandiani hata kidogo.

#7 Kilowati
Watu hawakutawanywa sawasawa kama punje kwenye sahani, mkuu. Wahandisi wa FM hawatafuti eneo, wanatafuta vichwa vya watu, na wanatafuta milima. Panda mlima ulio mita 1,000 juu ya bonde: kipeuo ni 31.6, ongeza 2, mara 4.12, unapata kama kilomita 138. Ndiyo maana mitambo ya kuhudumia Nairobi imepandishwa Limuru. Mlima mmoja mzuri unafanya kazi ya milingoti saba ya tambarare.

Ubaya wa milima ni kivuli. Kijiji kilicho nyuma ya kilima, hata kikiwa kilomita 15 kutoka kwenye mtambo, kinaweza kukosa kabisa. MW na mita 60 hazina tatizo hilo, hapo nakubaliana nawe.

#8 MzeeValvu
Vijana mnaruka. Redio haikuanza na transista. Transista iligunduliwa Bell Labs 1947, redio ya kwanza ya transista ya kuuzwa madukani, Regency TR-1, ikatoka Marekani 1954. Kabla ya hapo kulikuwa na redio ya valvu ya betri, na kwa Mwafrika wa kawaida iliyofungua mlango ni ile ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. 1949, Harry Franklin wa idara ya habari kule aliwashawishi wenye kiwanda cha betri cha Ever Ready watengeneze redio ya bei nafuu. Iliwekwa ndani ya umbo la sufuria ya aluminiamu, ikaitwa Saucepan Special. Bei pauni 5, betri yake pauni 1 na shilingi 5, ikidumu kama saa 300.

Angalieni uwiano huo. Betri ilikuwa robo ya bei ya redio. Redio za valvu za namna hiyo zilihitaji umeme wa aina mbili, volti 90 hivi kwa anodi na volti 1.5 za kupasha nyuzi. Nyuzi zile zilikula muda wote, usikilize kwa sauti ndogo au kubwa. Ndiyo sababu redio moja ilisikilizwa na watu wengi kwa pamoja, kwa saa maalumu, kisha ikazimwa. Usikilizaji wa kundi mnaousifia ulilazimishwa na betri.

Transista ndiyo iliyomruhusu mtu mmoja kuwa na redio yake shambani. Kwa hiyo badiliko kubwa la wasikilizaji lilitokea miaka ya 1960, sio 1990.

#9 Kapasita
Mzee amenena. Niongeze na hili la kuanika betri juani, maana kila nyumba ilifanya hivyo na wengi wanadhani ni ushirikina.

Si ushirikina. Betri ya zinki na kaboni ikitumika, ukinzani wake wa ndani unapanda. Bado ina nguvu, lakini haiwezi kuitoa haraka. Joto linaharakisha kemia ya ndani na kushusha ukinzani huo, na mapumziko yenyewe yanasaidia. Unapata saa chache za ziada. Gharama yake: kopo la zinki ndilo sehemu ya kemia, linaliwa, linatoboka, ute unavuja juu ya springi za redio. Mafundi walibadilisha springi nyingi kuliko transista.

Dalili ya betri iliyochoka: sauti inakuwa sawa ukishusha, ukipandisha redio inaanza kudunda "pu-pu-pu-pu". Spika inavuta mkondo, volti inaanguka, kikuza sauti kinakatika, volti inarudi, mchezo unaanza upya. Kama betri ni mpya na bado inadunda, kagua kapasita kubwa iliyolazwa sambamba na betri, kwa kawaida ni µF 100 hadi 470. Imekauka. Weka mpya ya volti 10 au 16, angalia chanya na hasi, umemaliza.

#10 Feraiti
Naona hakuna aliyegusa kelele, na kwangu hiyo ndiyo jibu la kwanza.

MW na SW zinabeba sauti kwenye ukubwa wa wimbi. Cheche yoyote, swichi yoyote ya haraka, inaongeza ukubwa, na redio inaipokea kama sauti. FM inabeba sauti kwenye mabadiliko ya masafa, redio inakata ukubwa wa ziada kabla ya kutoa sauti. Zamani kelele ilikuwa radi na pikipiki inayopita. Leo kila nyumba yenye umeme ina chaja za simu, taa za LED, king'amuzi, vyote vikiwasha na kuzima mkondo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Mwangwi wa kuwasha huko unajaza MW yote na nusu ya SW.

Anayetaka kuthibitisha afanye hivi:

1. Weka redio kwenye betri, iondoe kwenye umeme kabisa. Tegea sehemu tupu karibu na 650 kHz.
2. Zima swichi kuu ya nyumba. Mkwaruzo ukishuka, adui yuko ndani.
3. Washa saketi mojamoja mpaka mkwaruzo urudi. Umempata.
4. Ukishindwa kumzima, zungusha redio yenyewe. Fimbo ya feraiti iliyo ndani (antena ya MW) haisikii kitu kilicho upande wa ncha zake. Elekeza ncha kwenye chaja, kelele inazama, kituo kinabaki.
5. Sogea mita 2 au 3. Kelele ya karibu inafifia haraka mno kwa umbali, wimbi la kituo halibadiliki.

Na tafadhali, kuvuta ule mlingoti wa chuma hakusaidii MW. Kwenye redio nyingi ule ni wa FM na SW tu. MW inaishi kwenye fimbo.

#11 MtegaMawimbi
Feraiti, maelezo yako ni ya nyumba yenye umeme. Hoja yangu ilihusu kijiji kisicho nao. Pale chaja iko wapi?

#12 Feraiti
Sasa hivi iko kwenye sola, mkuu. Vidhibiti vingi vya bei nafuu vya paneli vinakata mkondo kwa kasi ileile, na waya wa mita 10 kutoka paani unakuwa antena ya kurushia kelele. Hata hivyo nakubali kwamba kwa miaka ya 1990 hoja yangu ni ya mjini. Kwa kijiji cha wakati ule tafuteni sababu nyingine.

#13 MwanaPwani
Sisi wa ukanda wa pwani tulikuwa na hali tofauti na bara, msituchanganye. Wimbi la MW linatambaa juu ya ardhi, na maji ya chumvi ndiyo njia bora kuliko zote. Zanzibar ikirusha MW, bahari inaibeba mpaka Tanga kwa urahisi. Wimbi hilohilo likiingia ardhi kavu ya mawe linakufa mapema. Mtambo mmoja, nguvu moja, upande mmoja unasikia mara kadhaa mbali zaidi.

Na Zanzibar ilikuwa na 11735 kHz pia, bendi ya mita 25. Redio nyingi za bei nafuu zilikuwa zinaikamata mahali pawili, 11735 na tena 10825. Watu wakadhani ni vituo viwili. Ni kituo kimoja: redio inabadili kila masafa kuwa 455 kHz, na kituo kilicho 910 kHz juu ya ulipotega (455 mara mbili) kinapenya kama chujio la mbele ni dhaifu. Ukiongeza waya mrefu wa nje ndio unazidisha. Dawa: unganisha waya kupitia kapasita ndogo ya pF 22 hadi 47, au fupisha waya.

#14 BintiMlingoti
Kaka MwanaPwani, umenikumbusha Raha Leo, mtaa wa studio za redio ya Unguja. Januari 1964 sauti ya John Okello, kiongozi wa mapinduzi, ilitoka kwenye redio ya Unguja, na Agosti 1982 waasi Nairobi walikimbilia Voice of Kenya (VoK). Redio moja ya taifa ilikuwa mlango wa nchi, na kila aliyetaka nchi alipita hapo. Msikilizaji alijua hivyo. Ndiyo sababu palipochafuka alihamia BBC au Deutsche Welle, kwenye SW ileile, redio ileile. Uzito wa SW kwa msikilizaji ulikuwa uwezo wa kulinganisha sauti mbili.

Baada ya 1993 Tanzania, na 1996 Kenya, vituo binafsi vikampa ulinganisho huo hapohapo mtaani. Haja ya kwenda mita 25 ikapungua, hata kama usikivu wa SW ulikuwa vilevile.

#15 Jaluo_wa_Ziwa
BintiMlingoti, nisahihishe kidogo: 1996 ni FM *binafsi*. FM yenyewe Kenya ni ya zamani zaidi. Homa Bay ilikuwa na kituo kidogo cha jamii kuanzia 1982, kwa msaada wa UNESCO, kikitangaza Kiluo. Serikali ikakifunga 1984. Kwa hiyo teknolojia ilikuwepo na wasikilizaji walikuwepo. Kilichokosekana ni kibali.

Hili linaua hoja ya betri na hoja ya kelele kwa pamoja 😄

#16 Kapasita
Haliui 😄 Kituo kimoja kidogo cha miaka miwili hakipimi nchi.

#17 Kilowati
Lakini linaipa nguvu hoja ya lugha, ambayo hamjaigusa. Kenya, baada ya Kameme FM kuanza 2000 kwa Kikikuyu, vituo vya lugha za mama vilifuatana kwa mstari. Huduma za VoK na baadaye KBC (jina jipya la VoK) zilikuwa na lugha hizo pia, ila kwa vipande vya saa. FM ikampa kila mtu lugha yake kutwa nzima. Tanzania masharti ya leseni yanataka Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo Kenya wasikilizaji waligawanyika kwa lugha, Tanzania waligawanyika kwa umri na ladha ya muziki: vijana wakaenda kwa vituo kama Clouds, wazazi wakabaki na redio ya taifa.

Ukitafuta sababu moja ya nchi zote mbili utakosa, maana mgawanyiko wenyewe haukuwa mmoja.

#18 Msalamu
Naomba niseme kwa upande wa vipindi. Mnahesabu kilowati, lakini mtu hawashi redio ili asikie kilowati.

Redio ya taifa ilibeba kazi tatu ambazo hakuna chombo kingine kilizibeba: matangazo ya vifo, salamu, na saa. Tangazo la kifo lilikuwa na umbo lake: jina la anayetangaza, aliyefariki, mahali na saa ya mazishi, kisha orodha ndefu ya "habari ziwafikie". Orodha hiyo ndiyo iliyofanya nchi nzima ikae kimya kusikiliza, kwa sababu jina lako lingeweza kutajwa. Kadi ya salamu nayo: unajaza majina, unatuma kwa posta, unasubiri wiki, na siku ikisomwa wote waliotajwa wako hewani kwa dakika moja. Saa nayo, zile pini (milio mifupi ya saa) kabla ya taarifa ya habari, ndizo zilizorekebisha saa za shule na za misikiti.

Simu ya mkononi ilichukua zote tatu ndani ya miaka michache. Kifo kinafika kwa ujumbe kabla maiti haijatoka hospitali. Salamu zinakwenda na kurudi kwa sekunde. Saa iko kwenye kioo. Ukiondoa kazi hizo, kilichobaki ni muziki na mpira, na kwa muziki FM inashinda bila ubishi. Kwangu hakuna aliyeua SW kwa makusudi. Ilinyang'anywa kazi.

#19 MzeeValvu
Msalamu amesema kitu kizito. Niongeze kazi ya nne: shule. 1973 kampeni ya Mtu ni Afya. Haikuwa kipindi cha kusikiliza ukiwa unapika. Utaratibu: kundi linakutana mara moja kwa juma na kiongozi aliyefunzwa, wanasikiliza kipindi, wanasoma sura ya kitabu kinacholingana nacho, wanajadili, wanakata shauri la kutenda, kwa mfano kuchimba choo, na juma linalofuata wanaanza kwa kuulizana nani amechimba. Ilikwenda majuma 12 na kufikia watu wapatao milioni 2. Hakuna FM ya muziki iliyowahi kujaribu kuwashika watu namna hiyo.

#20 Feraiti
Na simu hiyohiyo ilifunga mlango wa MW kwa njia nyingine. Simu nyingi za vitufe zilikuja na FM ndani. Kwa nini si MW? Urefu wa wimbi la FM ya 100 MHz ni mita 3, robo yake sentimita 75. Waya wa spika za masikioni unakaribia hapo, ndio maana simu nyingi zinakataa kufungua redio kabla hujauchomeka: waya ndio antena. MW ya 657 kHz ina wimbi la mita 456. Ungehitaji fimbo ya feraiti ya sentimita kadhaa, na ingekaa sentimita moja kutoka kwenye kioo na prosesa vinavyotoa kelele palepale kwenye MW. Hakuna mtengenezaji aliyejisumbua.

Kwa hiyo kizazi kilichopata redio yake ya kwanza ndani ya simu hakikuacha MW. Hakijawahi kukutana nayo.

#21 MtegaMawimbi
Hoja ya #20 naipokea, lakini bado nasema angalieni upande wa mtambo. Kilowati, mlingoti wa MW unahitaji nini chini yake?

#22 Kilowati
Hapo umegusa jeraha. Robo ya wimbi la 657 kHz ni mita 114, huo ndio mlingoti wenyewe, na wote una umeme kuanzia kwenye kitako cha kauri. Chini yake unafukia nyaya za shaba zinazotoka katikati kuelekea pande zote. Kanuni ya zamani ya wahandisi ni nyaya 120, kila moja urefu wa robo ya wimbi. Piga hesabu: 120 × 114 ni karibu kilomita 13.7 za shaba, zimefukiwa sentimita chache tu.

Shaba hiyo inaibwa, inakatwa na majembe, inaliwa na udongo wa chumvi. Na ubaya wake hauonekani haraka. Mita za mtambo zinaendelea kusoma kW 50 zinatoka. Nguvu inaingia kwenye mlingoti, lakini sehemu kubwa inapasha udongo badala ya kwenda angani. Studio inasema "tuko hewani kwa nguvu kamili", na msikilizaji wa kilomita 200 anasikia kituo kinafifia mwaka hadi mwaka. Anadhani redio yake imechakaa. Anapeleka kwa fundi.

Anayetaka kujua ukweli apime nguvu ya wimbi kwa kifaa, sehemu zilezile, kwa mfano kilomita 10, 20 na 40, kila mwaka. Ikishuka sehemu zote kwa kiasi kimoja wakati mita za mtambo hazijabadilika, chimba uangalie shaba.

#23 Kapasita
Hii sijaiona ikitajwa popote kwenye mijadala ya redio. Asante mkuu. Inaeleza malalamiko ya "redio ya taifa siku hizi haishiki" kuliko nadharia zote za juu.

#24 MwanaPwani
Inaeleza mchana. Usiku je? Mchana tabaka la D angani linafyonza MW, unabaki na wimbi la ardhini tu. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, MW inapaa, inaakisiwa, na kushuka mamia au maelfu ya kilomita mbali. Mpango wa Geneva wa 1975 uligawa MW kwa hatua za 9 kHz, kuanzia 531 hadi 1602, na masafa yaleyale yakapewa vituo vingi vya nchi mbalimbali. Mtambo wa jirani wa nguvu kubwa usiku unakukalia juu. Hata shaba ikiwa nzima, msikilizaji wa mpakani atapata filimbi na sauti mbili. Saa ya usiku ndiyo saa ya taarifa ya habari na ya watu kuwa nyumbani. MW ilikuwa inashindwa saa ileile inapohitajika.

#25 BintiMlingoti
Kwa hilo la usiku ndipo mita 60 ilipokuwa na thamani, inapiga juu karibu wima na kushuka kuzunguka mtambo pande zote. Lakini turudi kwenye siasa, maana kuna tarehe mbili mmezipita.

Ya kwanza 1994. Idhaa ya Nje ya RTD ilikuwa inawapa vyama vya ukombozi vya kusini, FRELIMO, ANC na wengine, muda wa kutangaza. SW kubwa ilikuwa na sababu ya kitaifa ya kuwepo. Afrika Kusini ilipopiga kura, sababu hiyo ilikwisha.

Ya pili ni 2011. BBC ilitangaza Januari mwaka huo kuondoa Kiswahili kwenye SW kuanzia Machi, wasikilizaji wapate matangazo kupitia vituo washirika vya FM na mtandaoni. Aliyekuwa akiisikia BBC kupitia FM ya mjini kwake hakuona badiliko lolote. Aliyekuwa mbali na mji aliamka akakuta kimya. Huyo hakuhama, alihamwa.

#26 Jaluo_wa_Ziwa
Na mtandaoni si bure. Matangazo ya kbps 64 ni MB 28.8 kwa saa. Saa tatu kwa siku, siku 30, ni GB 2.6 kwa mwezi. Linganisha na betri za #2 mjue nani ananyongwa zaidi. Tena mpira mtandaoni unachelewa sekunde nyingi. Jirani mwenye redio anashangilia goli, wewe bado uko kwenye kona.

#27 MtegaMawimbi
Sasa tuna betri, bili, siasa, lugha, kazi iliyonyang'anywa, kelele, simu na shaba. Kuna yeyote anayejua njia ya kupima mojawapo kwa watu halisi, si kwa hesabu?

#28 MzeeValvu
Iko moja ya mfano, na ilifanyika hapahapa. 1993 RTD ilianza mchezo wa redio wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mtambo wa Dodoma uliachwa nje mpaka 1995, ukirusha vipindi vya kwake saa hiyo. Watafiti wakalinganisha Dodoma na mikoa mingine, kabla na baada. Hapo walipima redio ikibadili watu, sio watu wakibadili redio, lakini njia ni hiyo: chukua maeneo mawili yanayofanana, badilisha kitu kimoja tu, hoji kaya kabla na baada.

#29 Feraiti
Mzee, swali la kiufundi: mtambo wa Dodoma ulikuwa wa masafa ya kati. Mtu wa Dodoma mwenye SW alizuiwaje kuusikia mchezo huo kupitia 5050?

#30 Kapasita
Na kwa kutumia njia hiyo kwenye swali letu: tafuta wilaya mbili zisizo na FM, moja ina umeme wa gridi na nyingine haina. Kama ni kelele, yenye umeme itakuwa imeacha SW zaidi. Kama ni betri, isiyo na umeme ndiyo itakuwa imeacha zaidi, maana mwenye umeme anachomeka waya ukutani. Matokeo mawili yanayopingana, dodoso moja. Tatizo ni kupata wilaya yenye gridi isiyo na FM.

#31 Kilowati
Ramani za mitambo zinaonyesha vivuli vya milima, kama nilivyosema #7. Si lazima wilaya nzima, tafuta kata zilizo nyuma ya kilima. Ila kabla ya dodoso pima wimbi lenyewe pale, maana kama MW na SW hazifiki kwa nguvu ya kutosha utawahoji watu juu ya kitu ambacho hakipo hewani.